Jeshi limelipa, mchoro ni wa nani?

Mdogo wangu ana atelie ya kuchomelea na kuchonga vyuma kule Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo. Miaka michache iliyopita kampuni moja ya madini ilimletea sili ya pampu, kile kipete cha kuzuia isivuje, iliyoliwa na matope ya asidi, ikamwuliza kama anaweza kuchonga nyingine. Ile ya kiwandani ilikuwa haimalizi mwezi. Akachora, akachonga, ikavuja. Akachora tena. Ya tatu ikashika, kwa sababu alikuwa ameongeza mfereji mwembamba ukingoni, kitu ambacho hakufundishwa na mtu. Kampuni ikafurahi, ikaomba mchoro "wa kuweka kwenye faili". Akawapa. Agizo lililofuata, la vipande vingi, likaenda kwa mtu mwingine, na vipande vilipofika mgodini vilikuwa na ule mfereji.

Ndiyo maana siku nilipomweleza kwamba huko Marekani kuna mpango ambao jeshi huwalipa wenye biashara ndogo wafanye utafiti, kisha huwaacha waende kuuza sokoni walichokigundua, hakuuliza ni dola ngapi. Aliuliza: "Yaya" (ndivyo huku tunavyomwita ndugu mkubwa), "jeshi likishalipa, mchoro unabaki kwa nani?"

Watu wengi wakieleza mpango huo huanzia kwenye pesa. Mimi nitafuata swali lake, kwa sababu ndilo fundo lenyewe. Pesa ni kamba tu.

Mpango unajulikana kwa herufi SBIR. Mbegu yake ilipandwa mwaka 1977 katika shirika la serikali linalofadhili sayansi, NSF, na mtu aliyeipigania ni Roland Tibbetts. Ikawa sheria tarehe 22 Julai 1982, Rais Reagan alipoitia saini. Sababu yake haikuwa huruma kwa wadogo. Serikali ilikuwa ikimwaga mabilioni kwenye utafiti, na karibu yote yalikuwa yakienda kwa makampuni makubwa na vyuo vikuu, huku mawazo mengi mapya yakizaliwa katika vyumba viwili vya nyuma vya kampuni ya watu sita. Sheria ikasema hivi: kila idara ya serikali ambayo bajeti yake ya utafiti unaofanyiwa nje ya kuta zake inapita dola milioni 100 itenge fungu kwa ajili ya biashara ndogo. Fungu hilo lilianza na asilimia 0.2, likapandishwa pole pole, na tangu mwaka 2017 halishuki chini ya asilimia 3.2. Idara 11 zimo ndani, na Wizara ya Ulinzi ndiyo inayotoa nyingi kuliko zote. Mwaka 1992 ukaongezwa mpango ndugu, STTR, ambao unamtaka mwenye biashara ndogo ashike mkono wa chuo kikuu au taasisi ya utafiti.

(Ndogo, kwa kipimo cha Wamarekani, ni kampuni isiyozidi wafanyakazi 500. Mdogo wangu ana vijana wanne na mashine moja ya kuchonga inayolala kila umeme ukikatika. Alicheka mpaka akakaa.)

Sasa tuone jinsi mambo yanavyokwenda. Nitatunga mfano, kwa kuwa mfano mmoja ukifuatwa hadi mwisho unafundisha kuliko kumi iliyorushwa rushwa. Helikopta za jeshi zikitua mahali pakavu hujifukizia wingu la vumbi lao wenyewe, na vumbi hilo huila injini kama msasa. Tuseme Jeshi la Nchi Kavu linaandika mada: linataka njia ya kuchuja vumbi hilo bila kuiongezea injini uzito mwingi. Kampuni ya watu saba, iliyoko mji wowote wa huko, inajibu kwamba ina wazo.

Angalia kilichonunuliwa hapo. Jeshi halikununua chujio, kwa sababu chujio bado halipo. Limenunua swali: je, inawezekana? Hiyo ndiyo awamu ya kwanza, ya miezi sita hadi mwaka, na idara ikitaka kutoa zaidi ya kiasi cha dola 300,000 lazima iombe ruhusa ya pekee. Nyingi hutoa chini ya hapo. Jibu likiwa "haiwezekani", kampuni haidaiwi. Imelipwa ili ijue, na sasa inajua. Jibu likiwa "huenda", inaingia awamu ya pili, takriban miaka miwili na hadi dola milioni 2 hivi, ili ijenge chujio la kwanza linaloweza kushikwa, kupimwa na kuharibiwa kwenye jaribio.

Awamu ya tatu ndiyo wengi huisoma vibaya. Wanadhani ni donge kubwa zaidi. La hasha: katika awamu ya tatu mpango hautoi hata senti. Pesa zitoke kwingine, ama kwenye bajeti ya kawaida ya jeshi ya kununulia vifaa, ama kwa wateja wa sokoni, ama kwa wenye mitaji. Kinachotolewa ni haki, nayo ni haki nzito. Idara ya serikali inayotaka chujio hilo inaweza kuiandikia kampuni mkataba moja kwa moja bila kuitisha zabuni upya, kwa hoja kwamba mashindano yalikwisha kufanyika siku ile ya awamu ya kwanza. Na si lazima iwe idara ileile iliyolipia utafiti. Wanamaji wanaweza kulitaka, hata wazima moto wa misitu wa serikali wanaweza. Anayejua zabuni zinavyokwenda hapa kwetu, anayejua faili moja inavyoweza kulala ofisini msimu mzima wa mvua, ataelewa kwa nini Wamarekani wanaoishi kwa mpango huu huutaja mlango huo kuliko wanavyozitaja zile dola milioni 2.

Turudi sasa kwenye swali la mdogo wangu, maana hapa ndipo lilipo jibu lake, na ni jibu la tabaka mbili.

Tabaka la kwanza ni uvumbuzi wenyewe. Tangu sheria ya mwaka 1980 iliyopewa majina ya maseneta Bayh na Dole, biashara ndogo iliyovumbua kitu kwa pesa za serikali inaweza kubaki na hataza yake, yaani hati inayowazuia wengine wasikitengeneze bila ruhusa. Serikali inachukua leseni: inaweza kukitumia kitu hicho, au kutengenezewa kwa matumizi yake, bila kulipa mrabaha. Lakini haiwi mmiliki. Kabla ya sheria hiyo, uvumbuzi wa namna hiyo kwa kawaida ulikuwa wa serikali, na serikali ilikuwa na maelfu ya hataza zilizojaa vumbi kwenye makabati bila mtu wa kuzigusa. Mali ya wote ikawa haina wa kuilima.

Tabaka la pili ndilo lililomfanya mdogo wangu aache kutafuna. Michoro, vipimo, programu za kompyuta na siri za kazi zilizozaliwa ndani ya mkataba wa SBIR zina ulinzi wake wa pekee, wa miaka 20 tangu mkataba kutolewa. Ndani ya muda huo serikali inaweza kuzisoma na kuzitumia ndani ya nyumba yake, lakini haiwezi kumpelekea mshindani ikamwambia, "Tuchongee kama hiki." Tena ulinzi huo unakwenda na sharti dogo la karani: kila karatasi inayokabidhiwa lazima iwe na tangazo lililoandikwa kwa maneno yaliyowekwa. Mchoro ukitoka mkononi mwako bila tangazo, umejiletea matatizo mwenyewe, na kuna makampuni yaliyokuwa na haki zote isipokuwa karatasi yenye maandishi.

"Yaani ni muhuri tu?" aliuliza.

Muhuri, na sheria nyuma ya muhuri, na hakimu nyuma ya sheria. Lakini ndiyo, kwenye meza ya fundi ni muhuri.

Mtu akifika hapa anaweza kudhani mambo yamekwisha: swali limenunuliwa, mchoro umelindwa, mlango wa mkataba uko wazi. Kumbe vifo vingi hutokea sasa. Wamarekani wana jina la mahali hapo, nalo kwa msomaji wa Zaburi ya 23 halihitaji kufasiriwa: bonde la mauti. Ni kile kipindi kati ya chujio lililofaulu kwenye meza ya majaribio na chujio lenye bei, sanduku, udhamini na mtu wa kulinunua.

Sababu moja ni ya kalenda. Bajeti ya Wizara ya Ulinzi huanza kupangwa takriban miaka miwili kabla ya pesa zenyewe kutumika. Chujio likifaulu mwezi wa tatu, ofisa aliyelipenda hana fungu lake, kwa sababu wakati fungu linaombwa chujio lilikuwa bado ni swali. Yeye anaweza kusubiri. Mshahara wake unakuja. Kampuni ya watu saba haiwezi. Sababu ya pili ni ya ukomavu. NASA waliweka ngazi tisa za kupimia teknolojia, ya kwanza ikiwa ni wazo la kisayansi na ya tisa ikiwa ni kitu kilichokwisha kufanya kazi yake halisi, na jeshi nalo linazitumia. Awamu ya pili mara nyingi inakuacha kwenye ngazi ya tano au ya sita. Mnunuzi wa vifaa anataka ya nane. Ngazi hizo mbili katikati ndizo ghali kuliko zote, na hazina mwenyewe.

Sababu ya tatu ndiyo ninayoiona kubwa, ingawa haiandikwi sana: kitu cha kambini na kitu cha sokoni ni vitu viwili hata vikiwa na moyo mmoja. Jeshi linataka chujio linalovumilia baridi ya Alaska na joto la jangwani, linalotoka na faili nene ya vipimo, na litanunua mia mbili. Sasa lilete chujio hilohilo huku kwetu wakati wa kiangazi, kwenye malori ya madini yanayokoroga vumbi jekundu kati ya Lubumbashi na Kolwezi. Mwenye lori hana haja na Alaska. Anataka kitu ambacho dereva atakibadilisha kwa spana moja kando ya barabara ya Likasi, na ambacho bei yake haitamfanya arudi kwenye kitambaa kilichofungwa kwa mpira. Kuchukua kile cha kwanza na kukifanya hiki cha pili ni utafiti mwingine kabisa, na hakuna awamu iliyoulipia.

Mfano ninaoupenda ni wa iRobot, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1990 na watu watatu waliotoka MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani. Kwa pesa za DARPA, shirika la utafiti la Wizara ya Ulinzi, ilijenga PackBot, roboti ya minyororo ambayo mwaka 2002 iliingizwa kwenye mapango ya Afghanistan kabla ya askari. Mwaka huohuo ikatoa Roomba, kile kisahani kinachofagia sebule peke yake. Watu husimulia kana kwamba roboti ya vita ilipunguzwa ikawa ufagio. Husahau kwamba katikati kampuni hiyo ilifanya kazi na watengenezaji wa vitu vya kuchezea, Hasbro, na mwaka 2000 ikatoka na mwanasesere wa kielektroniki. Jeshi liliifundisha iRobot kutengeneza roboti isiyokufa. Nadhani ni mwanasesere aliyeifundisha kutengeneza roboti ya bei nafuu. Bila somo la pili, lile la kwanza lingebaki pangoni.

Kwa hiyo wanaosema wanasaidia biashara ndogo kuvuka wanafanya nini hasa? Pesa za ushauri zipo lakini ni kidogo: sheria inaruhusu hadi dola 6,500 katika awamu ya kwanza na hadi 50,000 katika ya pili, za kumlipa mtaalamu wa soko, wa hataza au wa viwango. Kuna ofisi za ushauri zinazoitwa APEX Accelerators, zilizoanza mwaka 1985 kwa jina lingine, ambazo humfundisha mwenye biashara namna ya kuuzia serikali bila kumtoza, au kwa ada ndogo. Jeshi la Anga lina ofisi ya ubunifu, AFWERX, tangu 2017, na baadhi ya mikataba yake huongeza pesa za serikali pale ambapo mwenye mtaji binafsi naye ameweka zake. NSF nayo tangu mwaka 2011 ina mafunzo yanayowatoa wanasayansi maabara na kuwatuma wazungumze na wateja wapatao 100 ndani ya wiki saba, bila kuwauzia chochote. Wakirudi, wengi wamebadili walichodhani wanatengeneza.

Ukiondoa majina yote hayo, kazi yenyewe ni ya ukalimani. Msaidizi mzuri anatafuta, ndani ya jeshi lenye watu wengi kama mji mzima, yule mwenye maumivu na yule mwenye mfuko, kwa sababu karibu kamwe si mtu mmoja. Rubani ndiye anayelia vumbi. Bajeti ya vipuri iko kwa mtu ambaye hajawahi kupanda helikopta hiyo. Kisha anamgeukia mhandisi na kumwambia kwa upole kwamba soko halijali kama chujio linanasa asilimia 99.7 ya vumbi, linajali kama kitu kinaoshwa kwa maji.

Kuna na wale wasiotaka kuvuka. Baadhi ya makampuni yamejua kuandika maombi vizuri kuliko kutengeneza vitu, yakaishi miaka na miaka kwa kuzunguka awamu ya kwanza na ya pili. Huko wanayaita vinu, maana yanasaga ruzuku. Bunge likaweka vipimo: aliyepata mikataba mingi lazima aonyeshe ni mingapi ilifika mbele, na mwaka 2022 masharti yakakazwa zaidi wakati mpango ulipoongezewa muda hadi 30 Septemba 2025. Ndiyo, mpango huwekewa tarehe ya mwisho, na kila ikikaribia makampuni madogo hushika vichwa; hiyo ya 2025 ilipita kabla Bunge halijauongezea muda tena.

Kabla kijana wa mitaa yetu ya hapa Lubumbashi, Kenya au Kamalondo, hajaniuliza kama anaweza kuomba: hapana, si akiwa huku. Zaidi ya nusu ya kampuni lazima iwe ya raia wa Marekani au wakaaji wa kudumu, na kazi ifanyike huko. Hata chujio lenyewe halitatufikia kirahisi. Kitu kilichobuniwa mahsusi kwa ajili ya jeshi kinashikwa na kanuni za kusafirisha silaha, na Kongo yetu imo kwenye orodha ya nchi ambazo kanuni hizo zinazibana kuliko kawaida. Ndiyo maana mshauri mwenye akili huiambia kampuni mapema itenge toleo la kiraia lenye ubunifu wake, ambalo litasimamiwa na Wizara ya Biashara kwa sheria zilizo laini zaidi. Wakisubiri mwaka wa tatu, wanakuta kila skrubu imekwisha kuvaa magwanda.

Sisi hapa tuna historia ya ajabu na jambo hili. Mwaka 1940 Edgar Sengier wa Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, alisafirisha zaidi ya tani elfu moja za mawe ya urani ya Shinkolobwe, hapo karibu na Likasi, yakahifadhiwa kwenye ghala Staten Island, New York. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua kwa ajili ya bomu. Vita vikaisha, Rais Eisenhower mwaka 1953 akatangaza atomu kwa ajili ya amani, na mwaka 1959 Kinshasa, iliyokuwa bado Léopoldville, ikawasha kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika, kifaa cha utafiti kilichotengenezwa na General Atomics ya Marekani. Jiwe lilitoka kwetu likaenda vitani. Elimu ikarudi ikiwa bidhaa yenye nembo. Ndiyo utafiti wa kijeshi uliogeuka kuwa wa kiraia, kamili kabisa, na katika msafara wote ule hakuna karatasi iliyokuwa na jina la mtu wa Katanga.

Na jeshi letu, kwa maana ya mteja mkubwa, mkali, mwenye pesa na mwenye kuamua mambo mbali, ni migodi. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 kuhusu kazi za wakandarasi wadogo inazitengea kazi hizo kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongomani. Marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2018 yanaitaka kampuni ya uchimbaji itoe asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka. Ni sheria nzuri kwa zilichokusudia. Ya kwanza inanunua kazi inayojulikana: usafiri, bukari (ugali) la wafanyakazi, ulinzi, kuchomelea. Ya pili inajenga shule na visima. Hakuna kati yao iliyoandikwa ili kununua swali. Pampu ikiliwa na asidi, swali linakwenda kwa aliyeitengeneza ng'ambo, na jibu linarudi baada ya miezi, likiwa ndani ya sanduku lenye ankara.

Mimi nisingeanza kwa kudai asilimia 3.2. Ningeanza na mistari mitatu kwenye mkataba: mchoro unabaki kwa aliyeuchora, mgodi unaweza kuutumia kwenye mitambo yake, mgodi hauwezi kumpa mtu mwingine achonge. Mstari wa nne, kwa mwenye moyo, ni kulipia hata sili mbili zilizovuja.

Mdogo wangu hakusubiri sheria. Alikwenda kwa wachonga mihuri wa mjini, akaagiza mmoja wa mpira wenye maneno ya Kifaransa aliyoandikiwa na mwanafunzi wa sheria: mchoro huu ni mali ya atelie, kwa matumizi ya ndani tu. Aliugonga kwenye kila karatasi ya kazi iliyofuata, hata zile zenye mstari mmoja. Baada ya wiki mbili kampuni ikamrudishia bahasha yote, ikaomba nakala safi, zisizo na muhuri.

Bahasha bado iko juu ya kabati la spana. Hajawapelekea.